Shikamoo za Jumamosi

Bi Rukia alizikwa siku ile ile aliyofariki, kama ilivyo desturi yao, kwa hivyo mazishi sikuyawahi. Niliwahi hitma. Nilifika Majengo saa nane mchana, leso ya kuazima kichwani, nikavua viatu mlangoni na kuingia katika chumba kilichojaa wanawake. Kabla sijapata pa kukaa, sauti ikatoka pembeni: "Huyu ndiye aliyekuwa akimwamkia mama kwa jina langu." Alikuwa Zuhura, bintiye marehemu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Kanada mwezi mmoja kabla kumuuguza mamake. Wanawake wote wakanigeukia. "Waeleze," Zuhura akaniambia, macho mekundu lakini mdomo unataka kucheka. Nikawaeleza kwa kifupi, wakacheka mpaka mama mmoja akalazimika kujipangusa machozi, nami nikafurahi kwamba nimeleta kitu nyumba ile. Lakini nikiwa njiani kurudi nikaona nimewapunja. Niliwapa ile sehemu ya kuchekesha. Mwaka wenyewe ulipokuwa ukipita hakuna aliyecheka, na mimi hasa sikucheka. Kwa hivyo acha niuseme wote, na kosa langu nilitie ndani bila kulipunguza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, ule ambao kila mtu alisema kompyuta zitapata wazimu elfu mbili ikiingia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kufundisha kuchapa katika chuo cha kompyuta Makadara, ghorofa ya kwanza, juu ya bucha. Chuo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita, na ya sita ilikaa pale kwa heshima tu, maana haikuwaka hata siku moja. Harufu ya nyama ya kuchoma ilipanda kwa ngazi kuanzia saa nne asubuhi, na kufika saa saba wanafunzi walikuwa wakichapa huku wakimeza mate. Kwa sababu mahakama ilikuwa karibu, watu wenye kesi walipanda kuja kuchapiwa karatasi zao, na mimi nilisikia mengi niliyokuwa sitakiwi kusikia. Namkumbuka mzee mmoja akimnong'oneza mwanawe, "Usiseme ulimpiga. Sema mligongana," na mwanawe akimjibu, "Baba, mara nne?" Mchana nilikula chapati na madondo kutoka kwa mama aliyekaa chini ya ngazi, nikisimama dirishani, kwa sababu mwenye chuo, Bwana Ouma, alikuwa amekataza sahani karibu na mashine. Bwana Ouma alikuwa mtu mnene, mwenye tai hata Jumamosi, na sauti ya kutisha ambayo haikuwa na kitu nyuma yake. Ukilia mbele yake, yeye ndiye anayetafuta kitambaa kwanza.

Kompyuta moja tu ndiyo iliyokuwa na intaneti, na intaneti yenyewe ilipita kwenye laini ya simu tuliyogawana na bucha. Mwenye bucha akiinua simu kuuliza mbuzi wake kutoka soko la Kiamaiko wamefika wapi, sisi huku juu tunakatika. Kwenye mashine hiyo kulikuwa na programu ya gumzo: unaingia chumba, unaandika, na mtu aliye upande wa pili wa dunia anaona maneno yako hapo hapo. Mimi niliipenda kupita kiasi. Mtu mmoja nisiyewahi kumwona uso, aliyekuwa akiingia chumba cha gumzo kila jioni, alinifundisha kuiandikia skripti, yaani karatasi ndogo ya maagizo ambayo programu inaisoma na kutii. Likitokea hili, fanya hivi. Mtu akiingia, andika hivi. Mtu akitoka, andika vile, kwa rangi hii, kwa herufi za ukubwa huu. Nilibadilisha kila kitu. Kuta nikazipaka, majina nikayavisha rangi, maneno makavu ya Kiingereza ya programu nikayang'oa na kuweka ya kwangu. Wanafunzi walikuwa wakija, "Niaje, madam, si unifanyie yangu ikae zambarau?" Na madam kichwa kinavimba. Nilijiona fundi kwelikweli.

Bi Rukia aliletwa na pilau. Alikuwa mpishi wa harusi, na ndiye aliyempikia dada yake Bwana Ouma siku ya harusi yake, pilau ambayo Bwana Ouma aliisimulia mwaka mzima. Basi mama huyo aliposikia kwamba chuoni kuna mtambo wa kuongea na Kanada, akaja kuomba, na Bwana Ouma akampa saa moja kila Jumamosi, saa kumi jioni, wakati huko Kanada ni asubuhi. Nilimsikia akipanda ngazi kabla sijamwona, hatua moja, pumzi, hatua moja, pumzi. Kisha akatokea na buibui lake na kikapu cha mahamri yaliyofunikwa kitambaa cheupe. "Habari ya leo, Mama," nikamwambia, kama tunavyosalimiana sisi watu wa kutoka bara. Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akasema, "Njema, mwanangu."

Mambo yake aliniambia siku hiyo hiyo, akiwa bado anahema. Zuhura alikuwa mwanawe wa pekee. Alipata kazi ya kutunza wazee Kanada, mamake akakataa asiende, wakazozana wiki tatu, na mwishowe msichana akaondoka alfajiri mama yuko kwenye msala anasali. "Nimetoa salamu ya mwisho, nageuka, kitanda kitupu," Bi Rukia akasema. "Miaka miwili sasa. Si kwenda kulikoniuma. Kwenda bila kuaga." Sasa Zuhura alikuwa ameandika barua, anaomba waongee kwa kompyuta. Mama alikuwa amekuja kuongea, lakini alikuja na kidonda chake, na alitaka nikijue.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa balaa. Bi Rukia alikuwa na mtoto wa jicho, na ile skrini nyeupe ilimchoma mpaka akaweka kiganja usoni. "Hivi ni sisimizi au ni maandishi?" Ikabidi nimsomee. Zuhura alianza na "Mama upo?" na mama akaninong'oneza, "Ndivyo anavyoingia? Hana hodi, hana shikamoo?" Wakaongea kwa shida, habari za baridi, habari za magoti, na kabla saa haijaisha laini ikakatika huko Kanada. Programu ikaandika mstari wake wa Kiingereza, kwamba Zuhura ametoka. Bi Rukia akaniuliza inasema nini, nami bila kufikiri nikamwambia, "Inasema Zuhura ameondoka." Jamani, uso wa mama yule. "Ameondoka," akarudia. "Tena." Akachukua kikapu chake akashuka ngazi, na mahamri akayasahau kwenye kiti.

Wiki ile nzima sikufundisha vizuri. Jioni nilibaki chuoni nikamtengenezea skripti yake peke yake. Nyuma nikaweka nyeusi, maneno nikayafanya ya manjano, makubwa, herufi unazoweza kuzisoma ukiwa mlangoni. Hapo ningeacha, ningekuwa mtu mzuri tu. Lakini nikakumbuka ule uso. Nikaingia mahali pa maagizo, nikaandika: Zuhura akiingia, mahali pa yale maneno ya Kiingereza onyesha "Hodi, Mama. Shikamoo." Akitoka, kwa njia yoyote, onyesha "Mama, naomba ruhusa niende. Kwaheri ya kuonana." Na nikayavisha manjano yale yale ya maneno ya Zuhura, nikaweka jina la Zuhura mbele yake. Nilijiambia ninatafsiri. Mashine inasema mtu ameingia, na katika nyumba ya Bi Rukia mtu anaingiaje kama si kwa hodi na shikamoo? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na nililala usingizi mzuri.

Jumamosi iliyofuata Bi Rukia aliketi, akaona manjano, akasema, "Mashallah, naona!" Mara skrini ikaandika: Hodi, Mama. Shikamoo. Akashika mkono wangu. Alikuwa na mkono mgumu wa mtu wa sufuria kubwa, akaubana wangu mpaka ukauma. Kisha, kwa kidole kimoja, macho kwenye kibodi akiitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mchele, akaandika: Marahaba, mwanangu. Karibu. Ilimchukua dakika nzima. Na laini ilipokatika huko Kanada mwisho wa saa, skrini ikaaga kwa adabu zote, na Bi Rukia akateremka ngazi akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mahamri yakazidi, yakaja na mbaazi za nazi kwenye bakuli, na Bwana Ouma akaanza kuwa na kazi za ghafla ofisini kila Jumamosi saa kumi. Wanafunzi waliosalia walimwita mathe, naye akawaita wote wanangu. Bi Rukia akaniambia, "Unajua, Nafula, mtoto wangu amekua. Ugeni umemfunza." Nikasema, "Eh, Mama, amekua." Na sikuona haya.

Kitu ambacho sikufikiria, mimi fundi, ni kwamba skripti ile ilikaa kwenye mashine yetu tu. Huko Kanada Zuhura hakuona hodi wala shikamoo, kwa sababu hakuziandika. Aliingia, akaanza kuchapa "Mama upo?" kama kawaida yake, na akakutana na "Marahaba, mwanangu." Anayejua watu wa Majengo anajua hapo kuna nini. Mtoto akipita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, mtu mzima hamgombezi, humwitikia tu salamu ambayo hakuitoa: "Marahaba!" Na mtoto huingia chini ya ardhi kwa aibu. Kwa hivyo kila Jumamosi mama alipokuwa akimjibu mwanawe kwa mapenzi, mwana alikuwa akisutwa. Na Zuhura alikuwa na kichwa cha mamake. Ukimsuta, anakaza. Alisema moyoni, kama bado unanihesabia kosa lile, basi na mimi sikuamkii. Mimi niliona majibu yake yakiwa mafupi, niliyaona, nikadhani ni baridi ya Kanada.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Chumba kilikuwa na mtu wa mahakamani, mwanamume mwenye suti iliyombana, aliyetaka karatasi yake ichapwe na kurekebishwa mara tatu. Bi Rukia akaniita, "Nafula, hebu njoo unisomee, nisije nikawa nimeona vibaya." Nikaenda. Zuhura alikuwa ameandika: Mama, nimepata mtu. Anaitwa Salim, ni mtu wa dini na ana heshima. Nilikwenda bila radhi yako, na sikuwa na raha hata siku moja. Kuolewa bila radhi yako siwezi. Nipe radhi, Mama. Nikasoma kwa sauti, na hata mtu wa suti akaacha karatasi yake akasikiliza. Bi Rukia akajitengeneza buibui. Akasema, "Nipishe kidogo nifikiri." Nikarudi kwa printa yangu.

Yaliyotokea nyuma ya mgongo wangu niliyajua baadaye. Laini ilikatika Kanada. Skrini ikaandika, kwa manjano ya Zuhura: Mama, naomba ruhusa niende. Kwaheri ya kuonana. Na Bi Rukia hakushangaa, alifurahi. Kwake yeye binti aliyelelewa akishasema habari ya mume hukimbia, haketi amkodolee mamake macho angoje jibu. Aliona mwanawe ameona haya, haya nzuri, anampa mama nafasi ya kufikiri. Basi akainama kwenye kibodi, akaanza kutafuta herufi zake moja moja, amjibu ruhusa aliyoombwa. Haya, nenda. Alipokuwa bado anaitafuta N, Zuhura, ambaye alikuwa amerudisha laini yake mbio, alikuwa ameshaingia tena. Bi Rukia hakuona, macho yalikuwa kwenye kibodi. Akabonyeza kitufe, akainuka kukusanya kikapu chake kwa sababu alikuwa bado hajasali alasiri. Na Zuhura, aliyeomba radhi ya mamake, akasoma jibu: Haya, nenda. Akatoka. Skripti yangu ikaaga tena vizuri kwa jina lake.

"Ameaga vizuri mno," Bi Rukia akaniambia mlangoni, uso unang'aa. "Radhi nimeshampa hapa," akagusa kifua. "Lakini haifai kumpa mbiombio kama mtu anayetupa mzigo. Jumamosi ijayo nitavaa vizuri, nimwandikie." Nilipoenda kuifunga mashine niliona shikamoo moja imekaa katikati ya kwaheri mbili. Nikadhani programu imekwama. Nikaizima.

Jumamosi iliyofuata Bi Rukia alikuja na leso mpya na hina mikononi. Tulikaa saa nzima tukitazama weusi. Wiki ya pili akaja. Wiki ya tatu akaja, hakuleta mahamri, na wakati wa kuondoka akasema, "Au ni mgonjwa, Nafula?" Nikamwambia labda ni laini. Jumatatu yake asubuhi nikakuta barua pepe kwenye anwani ya chuo, imeandikwa kwangu. Zuhura alinishukuru kwa kumsaidia mamake. Alisema amechoka kusutwa, kwamba miezi yote ile alikuwa akipokelewa na Marahaba kama mtoto asiye na adabu, akavumilia. "Lakini niliomba radhi, dada, laini ikakatika, nikarudi mbio, na jibu nililolikuta ni Haya, nenda. Salim nimemwambia hakuna harusi. Mwambie Mama nimekwenda kama alivyosema. Sitaingia tena."

Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini sakafuni. Bwana Ouma akaja akasoma juu ya bega langu, akalegeza tai. Nikamweleza yote. Akafikiri, akasema kwa huruma yake yote, "Nafula, mwandikie msichana, mwambie ni kosa la mtambo. Futa hiyo mistari miwili. Mama hana haja ya kujua. Utamvunja bure." Na mimi nilitaka sana kumtii. Niliketi nikaanza: Zuhura, mamako hakumaanisha, mamako alitaka kusema. Hapo vidole vikasimama. Nilikuwa nimeanza tena kumsemea mtu. Nikafuta nilichoandika, nikamwomba Bwana Ouma ruhusa ya kesho mchana.

Sijawahi kuogopa mlango kama ule. Bi Rukia aliishi kwenye chumba kimoja kati ya sita vilivyotazamana kwenye ushoroba mrefu, na ndani mlikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kwa kigoda, sanduku la bati, sufuria zake za harusi zimelala kifudifudi kando ya ukuta, na picha ya Zuhura akiwa na sare ya shule. "Habari ya leo, Bi Rukia," nikasema. "Njema, ingia ndani, umekuja wakati wa chakula." Akanitengea wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaketi kunitazama nikila, kama wapishi wote. Nilikula matonge mawili. La tatu nikalirudisha kwenye sinia. Nikamwambia. Nilimwambia hodi zile nani aliziandika, na kwaheri zile, na kwa nini Zuhura hakuja tena. Nikamsomea barua pepe, neno kwa neno. Nje, kwenye ushoroba, wanawake wawili walikuwa wakibishana juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Bi Rukia akavuta sinia taratibu, akalifunika kwa kawa. "Zote?" akauliza. "Kutoka ile ya kwanza?"

"Zote, Bi Rukia."

"Na mie nikaringa kwa majirani. Nikasema mwanangu ananiamkia kutoka Kanada." Akatikisa kichwa. "Mwanangu hakuniamkia hata siku moja. Na mie nikamfukuza, na mkono wangu mwenyewe."

Nilianza kulia, nikisema nilitaka kumfurahisha, nilitaka asiumie. Akaninyamazisha kwa kuinua kidole kile kile cha kuchapia. "Nataka nikuulize jambo, Nafula. Umeniandikia shikamoo chungu nzima kwa jina la mtoto wa mwenzio. Kinywa chako mwenyewe kimewahi kunipa hata moja? Umeingia humu leo umesema nini? Habari ya leo. Kila siku habari ya leo. Kumbe neno unalijua."

Haki ya Mungu, hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kweli. Nilikuwa nikilijua tangu shule, nikaliona ni la vitabuni na la watu wa pwani, zuri kwa kuweka kwenye skrini. Nikasimama, nikapangusa pua, nikasema, "Shikamoo, Bi Rukia." Akanitazama. Hakuitikia. Akasema tu, "Jumamosi saa kumi. Na kwenye hicho kidude chako toa kila kilicho chako. Sitaki hata rangi."

Jioni ile nilimwandikia Zuhura kurasa mbili, kosa langu lote, na sikumsemea mamake neno. Nilimalizia kwa kusema mama atakuwa pale Jumamosi na sijui atasema nini. Hakujibu. Ijumaa nikafuta skripti, yote, na ile nyeupe ikarudi.

Jumamosi Bwana Ouma aliteremka bucha akaketi mwenyewe karibu na simu, na mwenye bucha aliniambia baadaye kwamba alikula kilo nzima ya mbuzi akilinda laini. Huku juu niliwaambia wanafunzi waende nyumbani. Bi Rukia akaketi, akafinya macho mbele ya ule weupe, machozi ya jicho bovu yakianza kumtoka. "Sioni kitu," akasema. "Basi wewe soma. Lakini soma kilichoandikwa, Nafula. Usiongeze." Nikaapa. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na dakika ishirini, mstari ukatokea, wa Kiingereza, mdogo, mkavu.

"Inasema nini?"

"Inasema Zuhura ameingia."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena, Bi Rukia. Ni hivyo tu."

Tukangoja. Yule wa upande wa pili hakuandika, na huyu wa kwangu hakuandika, vichwa viwili vya chuma vinatazamana kuvuka bahari, na mimi katikati nimekatazwa kuongeza. Nikakalia mikono yangu. Nilikuwa na maneno mia ya kuwapatanisha na nikayameza yote. Kisha Bi Rukia akavuta kibodi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa vitufe, akaanza kutafuta. H. O. D. I. Akabonyeza. Mama mzima wa Majengo, anapiga hodi kwa mtoto wake.

Ilichukua muda. Kisha maneno yakaja, nami nikasoma: "Karibu, Mama. Shikamoo."

"Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa hivyo."

"Hujaongeza?"

"Sijaongeza, Bi Rukia. Wallahi," nikasema, mimi Mkristo.

"Soma tena." Nikasoma tena. Akajipangusa jicho bovu na zima kwa ncha ya leso, akaandika marahaba yake, na safari hii ilikuwa na kitu cha kuitikia. Akaniuliza R iko wapi, nikamwonyesha, na zilizobaki akazitafuta mwenyewe: Radhi nilikupa siku ile ile. Olewa, mwanangu. Zuhura akajibu kwa mafungu marefu yasiyo na nukta, nami nikasoma nukta zisizokuwepo kwa sababu nilihitaji kupumua, na hiyo ndiyo nyongeza pekee niliyofanya. Mwishowe akaandika kwamba muda wa kazi umefika, naomba ruhusa, Mama. Bi Rukia akanigeukia kwa ukali: "Ameaga yeye?" Nikamwambia ameaga yeye. Akangoja kwanza, akaniuliza kama Zuhura bado yumo chumbani, nikasema yumo. Ndipo akaandika: Haya, nenda salama.

Nilimshika mkono kumteremsha ngazi, hatua moja, pumzi, hatua moja, pumzi. Katikati ya ngazi, harufu ya nyama imetuzunguka, akasimama. Nilidhani ni magoti. Akasema, bila kunitazama, "Marahaba."

Sikuelewa. "Bi Rukia?"

"Hiyo ni ya Jumanne. Nilikuwekea." Akageuza uso, akanitazama kwa lile jicho zima. "Ya leo bado hujanipa."

Nikampa.